Sentensi imejaa picha, mbona msomaji hahisi kitu?

*"Nasoma riwaya kwa wingi na sasa nimeanza kuandika hadithi fupi. Nikisoma, mara nyingi ni maneno mepesi kabisa yanayonibakia kichwani. Nikiandika mwenyewe, naona maneno yangu ni ya kawaida mno, basi nafungua kamusi kutafuta yenye uzito, na kila aya naipamba kwa tashbihi, ile mifano ya "kama". Katika hadithi yangu ya mama aliyefiwa na mwanawe niliandika: 'Machozi yalimtiririka kama mto uliofurika, huku moyo wake ukipasuka kama kioo kilichoangushwa juu ya jiwe la majonzi.' Msomaji mmoja kaniambia ni nzuri lakini hakuhisi chochote. Mwenzangu aliandika juu ya msiba kama huo huo: mama anakunja shati la marehemu, analikunjua, kisha analikunja tena kwa mikunjo ile ile. Basi. Hakuna tashbihi hata moja, nami nililia. Je, msamiati wangu ni finyu? Niache tamathali kabisa? Na mwandishi hujuaje kwamba neno hili ndilo?"*

Ndugu yangu, umeuliza maswali matatu, ila nyuma yake naiona hofu moja: kwamba wenzako wana maneno na wewe huna. Hofu hiyo iondoe. Mtu anayeandika kufurika, kupasuka na majonzi ndani ya sentensi moja hana upungufu wa msamiati. Tena jicho lako la msomaji ni kali, maana umelitambua mwenyewe lile shati. Kazi iliyobaki ni kuelewa kwa nini shati lilikuliza na mto haukumliza mtu.

Tuanze na jambo ambalo wengi wetu tulilibeba kutoka darasani. Tulifundishwa tamathali za usemi kwa kuzitafuta na kuzihesabu: tashbihi hii hapa, sitiari (kitu kuitwa kingine bila "kama") ile pale, tashihisi (kisicho mtu kupewa utu) mstari wa tatu, na aliyezipata nyingi ndiye aliyefaulu. Zoezi lile lina manufaa yake kwa mchambuzi, lakini humwachia mwandishi imani mbovu kwamba taswira na tashbihi ni kitu kimoja, na kwamba aya isiyo na "kama" ni aya kavu. Sivyo. Taswira ni chochote katika maneno kinachomfanya msomaji aone, asikie, anuse, aonje au aguse. Sentensi ya mwenzako haina tamathali hata moja, na ni taswira tupu: kuna mikono, kuna kitambaa, kuna mistari iliyoachwa na mkunjo wa zamani.

Mwaka 1886 Anton Chekhov, daktari na mwandishi wa Urusi, alimwandikia kaka yake Aleksandr barua akimshauri kuhusu maelezo ya mandhari. Ukitaka usiku wa mbalamwezi, alimwambia, epuka maneno ya mazoea. Onyesha kipande cha chupa iliyovunjika kiking'aa kama nyota kwenye bwawa la kinu, na kivuli cheusi cha mbwa au mbwamwitu kikibingirika kama mpira, msomaji ataupata mwezi mwenyewe. Utaona kwamba Chekhov hakuzikataa tashbihi, kwani hapo hapo ametumia mbili. Lakini ameanza na kipande cha chupa. Kitu kwanza, mfano baadaye.

Kwa nini kitu hufanya kazi? Tunachokijua kuhusu usomaji kinasaidia kidogo hapa. Mwaka 2004 Olaf Hauk na wenzake, watafiti wa Cambridge, waliwapima watu ubongo wakati wakisoma neno moja moja. Walipofika kwenye vitenzi vya uso, mkono na mguu (vilikuwa vya Kiingereza, vyenye maana ya kulamba, kuokota na kupiga teke), ziliamka sehemu za ubongo zilezile, au zilizo jirani na zile, zinazoamka mtu anapousogeza ulimi, vidole au mguu wake. Wanasayansi bado wanabishana juu ya maana kamili ya jambo hilo, nami nisingependa mtu ajenge juu yake kanuni za uandishi. Hata hivyo linaafikiana na kile ambacho wasimulizi wamekijua siku zote: kitenzi cha mwili humgusa msikilizaji mwilini. Ukisoma "analikunja", vidole vyako vinajua hicho ni kitendo gani.

Halafu wapo wasomaji ambao hawaoni picha kabisa. Mwaka 2015 daktari wa neva Adam Zeman na wenzake waliipa jina la afantasia hali ya watu ambao wakijaribu kuwaza sura au mahali hawapati picha yoyote akilini. Watu hao husoma riwaya na kuzipenda. Ndiyo maana mimi huwa na wasiwasi na ule ushauri wa "chora picha kwa maneno" ukitolewa peke yake. Rangi na maumbo ni sehemu ndogo tu. Uzito wa shati mkononi, harufu iliyobaki kwenye ukosi, kule kurudia kitendo kisicho na faida, hayo humfikia hata asiyeona chochote kichwani.

Sasa tuitazame sentensi yako, kwa upole lakini bila kuionea haya. Ndani yake kuna machozi, mto, moyo, kioo na jiwe. Machozi yamo katika hadithi. Mto, kioo na jiwe havimo. Vimeletwa kutoka nje. Kila unapomletea msomaji mfano, unamwomba aondoke mahali tukio lilipo, aende akaukague huo mfano, kisha arudi. Safari moja fupi anaivumilia, tena anaifurahia. Wewe umempeleka safari tatu kwa pumzi moja, na aliporudi hakumkuta mama. Amekaa au amesimama? Analia kwa sauti au amejiziba mdomo? Kuna nani mwingine chumbani? Msomaji wako aliposema ni nzuri lakini hakuhisi kitu, alikuwa anakuambia kwamba ameona mto na kioo, ila mtu hakumwona.

Tena mifano yenyewe inagombana. Mto hufurika polepole, maji yanapanda, yanachukua usiku kucha. Kioo hupasuka mara moja, pa! Huzuni ya mama huyu ni ya mwendo gani? Sentensi haijaamua. Na hilo jiwe la majonzi linazua swali zito zaidi: kioo *kimeangushwa*. Ukisema kimeangushwa, umetuambia kuna aliyekiangusha. Nani? Kama ungesema *kimeanguka*, swali lisingekuwepo.

Hapo nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo lugha yetu ilipoficha taswira nyingi ambazo hazimo katika orodha ya tamathali. Linganisha: "Mlango ulifunguliwa." "Mlango ulifunguka." Katika ya kwanza kuna mkono nyuma ya mlango, hata kama hatujauona. Katika ya pili mkono haupo, au haujulikani, na mwili wa msomaji unasisimka kabla hajajua sababu. Herufi chache tu, na umehama kutoka ziara ya kawaida hadi hadithi ya kutisha. Mwandishi wa hadithi za upelelezi anayechanganya kauli hizi mbili ovyo anajiharibia siri yake mwenyewe. Na lile shati: kunja, kunjua, kunja. Kitenzi na kinyume chake, vikisikika karibu sawa. Sikio linasikia kitendo kikijifuta chenyewe. Sidhani mwenzako aliketi kupanga hilo, lakini lipo, na ni sehemu ya kilichokuliza.

Kuna jambo lingine katika "machozi kama mto": limechakaa. George Orwell, katika insha ya mwaka 1946, aligawa sitiari katika makundi ambayo bado yanasaidia. Iko mpya, ambayo humfanya msomaji aone kitu. Iko iliyokufa kabisa, ikawa neno la kawaida. Kwetu, mkono wa saa au mguu wa meza, hakuna anayeona kiungo cha mtu. Kati ya hizo mbili liko lundo la zilizochoka, ambazo hazina tena nguvu ya kuonyesha lakini bado zinajifanya zinaonyesha. Moyo kupasuka, machozi kama mto, uso kung'aa kama mbalamwezi viko humo. Jicho la msomaji huteleza juu yake kwa sababu linaijua njia. Viktor Shklovsky, mhakiki wa Urusi, aliandika mwaka 1917 kwamba mazoea hula vitu vyetu vyote, hadi tunaacha kuviona, na kwamba sanaa ipo ili kumrudishia mtu hisia za vitu, ikimchelewesha makusudi. Mama anayelikunja shati lile lile mara ya pili anatuchelewesha.

Lakini nisije nikakuongoza pabaya. Maneno yaliyochakaa hayastahili kufukuzwa yote. Kuna mahali unataka msomaji apite upesi: mhusika amevuka ua, amesikia mlango, moyo ukamdunda, akaingia. Ukitafuta namna mpya ya moyo kudunda hapo, utamsimamisha msomaji mahali ambapo hapana kitu cha kuona. Na watu wakizungumza, waache wazungumze kwa misemo iliyochoka, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza, hasa wakiwa na uchungu. Mfiwa anayetoa sitiari mpya kabisa kwenye mazungumzo hunifanya nimsikie mwandishi badala yake. Upya uweke akiba, utumie mahali unapotaka msomaji asimame.

Nije kwenye kamusi. Si kosa kuifungua. Kosa ni kuiuliza swali isiloweza kulijibu. Kamusi itakuambia neno lina maana gani, haitakuambia ni neno la nani. Chukua mwanamke mwenye umri mkubwa. Unaweza kumwita mzee, bibi kizee, kikongwe au ajuza. Kwa maana, ni majirani. Lakini anayemwita "mzee" anamheshimu au yuko mbele yake, na anayemwita "ajuza" anasimulia kutoka mbali, huenda kwa kejeli, huenda kwa sauti ya ngano. Sasa fikiria msimulizi wako ni mjukuu wake wa miaka tisa. Atasema ajuza? Hata mara moja. Ukiliandika, msomaji anasikia kamusi ikifunguliwa.

Vivyo hivyo na ngeli. Mtoto, kitoto, toto. Mtu, kijitu, jitu. Nyumba, kijumba, jumba. Kiambishi kimoja kinabeba ukubwa na maoni kwa pamoja: anayesema "kijumba" ama anadharau ama anaona haya ama anapenda kwa huruma, na mazingira yatatuambia lipi. Hii ni taswira ya bure kabisa ambayo waandishi wengi hawaitumii kwa sababu haikuwemo katika ile orodha ya darasani.

Kwa hiyo, swali lako la tatu, mwandishi hujuaje kwamba neno hili ndilo, mimi nalijibu kwa swali jingine: ni jicho la nani linaona hapa? Kila sentensi ya hadithi inaonwa na mtu, awe mhusika au msimulizi. Mtu huyo ana umri, kazi, hofu, vitu anavyovijua na vitu asivyowahi kuviona. Neno linalofaa ni lile ambalo yeye angelifikia. Seremala akiingia chumba cha wagonjwa ataona kitanda kabla ya mgonjwa, ataona kwamba mguu mmoja umekazwa vibaya. Fundi wa kushona akikaa na ndugu wanaonuniana anaweza kuwaza hivi: "Ukimya wao ulishikiliwa na mshono mmoja, na kila mtu alijua ungefumuka wapi." Hiyo ni sitiari, na wala siioni kuwa pambo, kwa sababu imetoka mikononi mwake. Mpe sitiari hiyo hiyo rubani, inakufa.

Hapo ndipo neno adimu linapohalalishwa pia. Patasi, randa, msasa, keekee: msomaji asiyejua useremala huenda asizijue zote, lakini zikitumiwa na mtu anayezishika kila siku, anazikubali na kumwamini msimulizi. Neno gumu linalotoka kwenye kazi ya mhusika hujenga ulimwengu wake. Neno gumu linalotoka kwenye tamaa ya mwandishi ya kuonekana msomi hulibomoa. Tofauti hiyo, kwa kweli, huonekana mapema sana.

Jambo la vitenzi nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa ni jepesi. "Aliingia taratibu kama mwizi" na "alinyata" vinasema karibu jambo moja, na la pili linasema kwa neno moja bila kumwita mwizi yeyote. Kabla ya kuongeza tashbihi, uliza kama kitenzi ulichonacho ni kivivu. Tembea ina ndugu wengi: jikongoja, chechemea, pepesuka, randaranda, kokota miguu. Tanakali za sauti nazo (anguka pu mchangani, chubwi majini, lala fofofo) zina nguvu ya ajabu katika usimulizi wenye sauti ya mdomo, lakini katika tukio la huzuni tulivu zinaweza kuleta kicheko usichokitaka. Zijaribu kwa sikio.

Niache tamathali kabisa? Hilo ni swali lako la pili. Mtindo mkavu, ule usio na tamathali, una faida: haukosei kwa kelele, na vitu vinajitetea vyenyewe. Hatari yake ni kwamba vitu vikichaguliwa vibaya, msomaji anabaki na orodha ya samani. Mtindo wenye picha nyingi una faida ya kuweza kusema kile ambacho kitu hakiwezi kukisema, hasa mambo ya ndani ya nafsi, ndoto, homa, mapenzi yanayoanza. Hatari yake umeshaionja. Wapo waandishi wakubwa pande zote mbili. Kwa hadithi hii moja ningependelea mkono mkavu, kwa sababu ya msiba wenyewe: mtu aliyefiwa siku za kwanza mara nyingi hana nafasi ya kulinganisha kitu na kitu. Anashika kilicho mbele yake. Ukiandika hadithi ya mama huyo huyo miaka kumi baadaye, akiwa anakumbuka, mto na kioo huenda vikapata mahali, kwa kuwa kumbukumbu hulinganisha.

Ukitaka kuanza leo, chukua ukurasa mmoja, pigia mstari kila "kama" ya kulinganisha, iache "kama" ya sharti. Kwa kila moja jiulize: mhusika huyu amewahi kukiona kitu hiki? Kinakwenda kwa mwendo wa tukio? Nikiifuta, kuna kinachopotea? Usishangae ukibakiwa na moja au usibakiwe na hata moja. Kisha kwa kila ulichofuta, usiweke pambo jingine. Tafuta kitu kimoja kilichomo chumbani ambacho mhusika anaweza kukigusa. Kwa yule mama wa hadithi yako, sikuambii ni kipi. Shati limeshachukuliwa na mwenzako, na ukiliazima litabaki lake. Unaijua nyumba ya hadithi yako kuliko mimi: kuna kitu cha yule mtoto ambacho bado kinahitaji kufanyiwa uamuzi, kutunzwa, kurudishwa kwa mwenyewe, kutupwa. Kitafute hicho. Halafu soma aya kwa sauti. Ulimi ukikwama mahali pamoja mara mbili, pana neno lililoingizwa kwa nguvu.

Nimesoma sentensi yako moja tu, na kwa sentensi moja siwezi kukuambia hadithi nzima ina afya gani. Wasomaji wawili watatu wasiojuana wakikuambia jambo lile lile, wakati umefika wa kukaa ana kwa ana na mhariri au mwandishi mwenye uzoefu, karatasi ikiwa mezani. Mpe akusomee kwa sauti yake, wewe ukae kimya na kalamu, uweke alama kila anapopunguza mwendo, anaporudi nyuma, anapopumua. Usimwulize kama ameipenda. Mwulize alimwona nani na aliacha kumwona wapi. Kama hadithi ina wahusika wanaozungumza lahaja usiyokulia, mtafute mzungumzaji wake kabla ya mhariri, kwa sababu hapo hakuna kamusi itakayokuokoa.

Na kama msiba huu ulioandika ni wako au wa mtu wako wa karibu, hukusema nami sitakisia, basi kuna siku ambazo ukurasa utakataa kwa sababu ambazo si za ufundi. Siku hizo weka kalamu chini, ukazungumze na mtu unayemwamini, au mshauri kama uzito unazidi. Hadithi itakungoja.